Usukani wa 320 kwenye Altezza: kisa cha mpwa wangu na mshale uliopotea

Mpwa wangu alipigwa tochi Mlandizi, akitoka Morogoro kurudi Dar. Kilomita 71 kwa saa kwenye eneo la 50. Faini ya 30,000 alilipa bila kubisha, kwa sababu alijua kosa lilikuwa lake, ila si kwa namna askari alivyodhani. Jioni ile akanipigia: "Shikamoo anko. Nina swali la kijinga." Mwendo wake hakuwa ameuona. Usukani mpya aliofunga wiki mbili nyuma ulikuwa unaziba sehemu ya juu ya kipima mwendo, kuanzia sitini hadi mia na ishirini. "Nikiuona mshale najua nipo chini ya sitini. Ukipotea, najua nimezidi." Alisema hivyo bila kucheka, na mimi nikacheka kwa niaba ya wote wawili.

Nilimwambia alilete gari Jumamosi. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ikachukua Jumamosi mbili na maboksi manne ya kadibodi, kwa sababu kila tulipogusa jambo moja lilikuwa limeshikana na jingine.

Gari ni Toyota Altezza RS200, la gia sita za mkono, lenye ile injini ya 3S-GE ya lita mbili ambayo Toyota waliitangaza Japani kwa nguvu za farasi 210. Anayeishi Dar hahitaji kuelezwa Altezza ni nini, vijana wamelipenda tangu yaanze kushuka bandarini. Kwa asiyelijua nitataja kitu kimoja tu, kwa kuwa ndicho kiini cha kisa hiki: dashibodi yake. Ndani ya saa kubwa kuna saa ndogo tatu, kama saa ya mkononi ya mtu mwenye pesa. Kuna wanaolinunua gari hili kwa sababu ya ile dashibodi peke yake. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao, kisha akaenda kuifunika.

Kabla ya kufungua nati yoyote tulipima. Usukani wa kiwandani alikuja nao kwenye buti, umefungwa kwenye shuka. Rula ikatoa milimita 370 na ushei kidogo, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Ule mpya ulikuwa 320. Halafu kuna kina, yaani umbali kati ya bamba la katikati linalofungwa boliti na ile duara unayoishika. Wake ulikuwa na kina cha milimita 90, ule mtindo unaoonekana kama sufuria lililolazwa ubavu. Tukapima pia kutoka nyuma ya duara hadi kwenye kijiti cha indiketa. Kwa usukani wa zamani palikuwa na milimita 55, kidole cha kati kinafika bila kiganja kuachia. Kwa huu mpya ni 120. Akitaka kuwasha indiketa anaachia usukani kabisa, anaenda, anarudi.

Nikamwomba aniambie kila kinachomkera, hata kama anaona ni kidogo. Alitaja mshale. Alitaja uzito wakati wa kupaki. Mabega yalimuuma akikaa kwenye foleni ya Ubungo. Gari lilikuwa "linaruka" mikononi likipita kwenye makorongo ya malori barabara ya Morogoro. Honi ililia akikata kushoto tu. Indiketa haikujizima yenyewe. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga dereva ajalini, iliwaka muda wote. Na dada yake, ambaye huazima gari siku mbili kwa wiki kwenda kazini, alikuwa amegoma kuliendesha.

"Sasa faida yake ni nini?" nikamuuliza.

"Gari limekuwa jepesi anko. Linakata haraka."

Hapo ndipo nikajua tutakuwa na mazungumzo marefu.

Wepesi ambao haupo

Usukani mdogo haulifanyi gari likate haraka. Uwiano kati ya mzunguko wa usukani na kugeuka kwa tairi umo kwenye reki, yaani ile gia ya chini inayogeuza matairi, na reki haijui umefunga nini juu. Kama ulikuwa unahitaji kuzungusha robo duara ili uingie kona fulani, bado utazungusha robo duara ileile. Kilichobadilika ni safari ya mkono. Robo duara kwenye usukani wa 370 ni sentimita 29 za mkono. Kwenye wa 320 ni 25. Mkono umeokoa sentimita nne, na ubongo unasoma zile sentimita nne kama "gari limekuwa kali". Hisia ni ya kweli, ila gari ni lilelile.

Sentimita hizo nne hulipiwa kwa nguvu. Usukani ni wenzo, kama spana: ukishika spana fupi unasukuma zaidi. Gawanya 370 kwa 320 utapata karibu asilimia 16. Kilichohitaji nguvu ya kilo 10 mkononi sasa kinahitaji kilo 11 na nusu. Ukiwa na pawa stelingi inayofanya kazi, yaani pampu inayokusaidia kuzungusha usukani, hutalia, lakini ukirudisha gari nyuma kwenye kichochoro cha Kariakoo, huku na huku, mara nane, utaanza kuhesabu. Siku mkanda wa pampu ukikatika ukiwa kwenye mwendo, asilimia 16 juu ya mzigo ambao tayari ni mzito ndiyo tofauti ya kuingia kona na kutoingia. Magari ya michezo ya zamani, yasiyo na pawa, yalikuwa na sukani kubwa kama sinia kwa sababu hiyohiyo. Waliobuni hawakuwa washamba.

Na ule mruko kwenye makorongo? Wenzo hufanya kazi pande zote mbili. Tairi likisukumwa na barabara, msukumo unapanda kwenye nguzo ya usukani na kufika mkononi, na kwenye duara dogo unafika kwa nguvu zaidi. Dereva wa mashindano analipenda hilo, anasema usukani "unaongea". Kwenye barabara iliyochimbwa na malori unapiga kelele. Ila sikutaka kuubebesha usukani lawama yote, nikalipandisha gari kwenye jeki. Tairodi ya kushoto, ule mkono unaounganisha reki na tairi, ilikuwa imelegea, unaitikisa kwa mkono inacheza. Hiyo ilikuwepo kabla ya usukani. Usukani mkubwa ulikuwa unaificha. Tuliibadilisha, tukapeleka gari kwenye alaimenti kunyooshwa matairi, na robo tatu ya mruko ikaondoka siku hiyohiyo. Ukiona gari limebadilika tabia baada ya kubadili kitu cha juu, anza kwa kutazama chini.

Picha ya rali na kiti chake

Nilimuuliza kwa nini alichagua kina cha 90. Akanionyesha simu: magari ya rali, picha nyingi za Naivasha, tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Kweli, ukitazama ndani ya magari yale utaona usukani umetokeza mbele kama kifua cha jogoo.

Lakini tazama na kiti. Kiti cha gari la rali kimefungwa nyuma sana na chini sana, dereva amevaa kofia ngumu na amefungwa mikanda inayombana hata asiinamie mbele. Akiwa kule nyuma, usukani wa kawaida hataufikia. Kwa hiyo wanauleta kwake kwa kina. Kina kile ni jibu la kiti kile. Mpwa wangu alichukua jibu bila swali: ana kiti cha kiwandani, kipo pale kilipokuwepo tangu gari linatoka Japani, na usukani umemfuata kwa milimita 65 hadi kifuani.

Kuna jaribio la zamani la kukaa sawa: mabega yakiwa yamegusa kiti, nyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono kiangukie juu ya duara. Kikiangukia kiganja, uko mbali. Kwake duara lilipita kifundo likafika karibu na nusu ya mkono kuelekea kiwiko. Ndiyo maana mabega yaliuma. Viwiko vilikuwa vimekunjwa kama vya bondia, na mabega yalibeba mikono muda wote badala ya mikono kujipumzisha kwenye usukani.

Na gia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unasafiri kutoka kwenye usukani ulio kifuani hadi kwenye gia ambayo haikusogea. Kwenye gari la gia sita, kwa anayependa kucheza nazo, hiyo safari inarudiwa mara mia kwa siku.

Sasa nimtendee haki. Mpwa wangu ni mrefu, na mapaja yake ni marefu kuliko mikono, na nguzo ya usukani ya gari hili inapanda na kushuka lakini haivutiki kuja kwa dereva. Kwa hiyo watu wa umbo lake hulazimika kuchagua: miguu ikae vizuri na mikono inyooke, au mikono ikae vizuri na magoti yapande. Kutafuta usukani wenye kina kidogo lilikuwa wazo zuri kabisa. Alizidisha dozi tu.

Jicho, ukingo, mshale

Kwa usukani mkubwa, dereva huona dashibodi kupitia ndani yake, chini ya ukingo wa juu. Ukiupunguza kutoka 370 hadi 320, ukingo wa juu unashuka milimita 25, si 50, kwa sababu nusu ya tofauti iko juu na nusu iko chini. Milimita 25 zinatosha kabisa kuukata uso wa saa katikati. Mtu mfupi anayetazama kutoka chini ataona vingine. Mtu mrefu anaweza kuona saa yote juu ya ukingo. Ndiyo maana ushauri wa "funga 330, mimi nimefunga naona vizuri" hauna maana mpaka ujue aliyeusema ana urefu gani na kiti chake amekiweka wapi.

Peugeot walilijua hili walipotengeneza 208 ya mwaka 2012. Walitaka usukani mdogo, wakaamua kuihamisha dashibodi yenyewe, wakaipandisha ili isomwe juu ya usukani. Na hata wao wamekuwa wakipata malalamiko ya madereva ambao, kwa umbo lao, ukingo unaangukia juu ya namba. Kampuni yenye uwezo wa kuhamisha dashibodi ilipata shida. Sisi wenye spana ya L na dashibodi isiyohama tungepataje bure?

Mfano wa pili nilioupenda zaidi, kwa sababu ni wa nyumbani kwa Altezza: Toyota walipotoa 86 mwaka 2012, gari la michezo kuanzia msingi, waliutangaza usukani wake kuwa mdogo kuliko wote waliowahi kufunga kwenye Toyota. Ulikuwa milimita 365. Baadaye wakaupunguza hadi 362. Wahandisi waliokuwa huru kuchagua chochote walishuka milimita tano, kisha tatu. Mpwa wangu alishuka hamsini kwa mkupuo.

Jumamosi ya pili ndipo maboksi yakaingia kazini. Tulichomoa betri, tukautoa usukani ule, tukakata maduara ya kadibodi: 330, 350, 360, kila moja lenye ukingo wa upana wa milimita 30 kama usukani halisi, na mikono mitatu ya kadibodi ya kulishikilia. Vipande vya sponji la godoro vilitumika kama kina, kimoja cha 40, kimoja cha 70. Tukalibandika kila duara kwa tepu kwenye adapta, kile kipande kinachounganisha usukani na nguzo yake, yeye akakaa kama anavyokaa siku zote, na mimi nikakaa kiti cha abiria na daftari. Majirani walipita wakatutazama kama watoto wanaocheza gari.

Duara la 330 lilificha kuanzia 80 hadi 100. Hilo lilimsikitisha, kwa sababu 330 ndiyo alikuwa ameshaanza kuitafuta mtandaoni. La 350 lilimwachia namba zote, ila ukingo ulikuwa unagusa mistari ya juu kabisa. La 360 halikuficha kitu. Tukajaribu tena na dada yake, ambaye ni mfupi kwa kichwa kizima na husogeza kiti mbele. Kwake 330 ilificha nusu ya saa, na 350 ilificha zile namba za juu mpaka tulipoipandisha nguzo ya usukani hatua moja. Na mapaja? Kwa mpwa wangu, tofauti ya 350 na 370 chini ilikuwa milimita kumi tu. Kumi hizo zilitosha. Goti la kulia lilipita bila kugusa.

Sijui kama kuna njia nyingine ya bei nafuu kiasi hiki. Boksi ni bure, na jibu ni lako, la mwili wako, kwenye kiti chako.

Tulivyovikuta nyuma ya bamba

Kabla sijafika kwenye uamuzi, kuna jambo lililonifanya nitulie kwa muda. Tulipofungua boliti sita za usukani ule wa 320, matundu hayakuwa mviringo. Yalikuwa marefu, kama punje za maharage. Kumbe usukani ulitobolewa kwa mpangilio wa milimita 74, na adapta iliyopo ni ya 70. Sukani za Momo, Sparco na OMP hutumia duara la boliti la 70; za Nardi na Personal hutumia 74. Ni milimita nne, jicho halizioni, ila boliti haziingii. Aliyefunga akachukua tupa akayapanua matundu hadi zikaingia. Maana yake bamba lilikuwa limeshikwa kwa msuguano wa vichwa vya boliti, bila kukaa kwenye kitovu chake, na lilikuwa limeshaanza kuhama. Alama za msuguano zilikuwepo. Kijana huyu amekwenda Morogoro na kurudi na kitu hicho.

Nilimwita aje aangalie mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda.

Pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Ni 70 au ni 74. Adapta nyingi nzuri zina matundu ya aina zote mbili, na inayofaa haipatikani kwa tupa.

Adapta yenyewe ilikuwa kipande cha alumini kigumu. Adapta bora huwa na sehemu ya bati inayoweza kukunjika, ili kifua kikigonga usukani kitu kipondeke kabla ya mbavu. Na hiyo inatupeleka kwenye eabegi, ambayo ndiyo sehemu niliyogombana naye kidogo.

Ukiutoa usukani wa kiwandani umetoa eabegi ya dereva, basi. Hakuna ujanja. Taa inayowaka inakuambia kompyuta ya mfumo imeona pengo, na kompyuta hiyohiyo ndiyo inayosimamia eabegi ya abiria na vikaza mikanda. Mfumo ukijiona una hitilafu unaweza kutofanya kazi yoyote, hata kwa abiria ambaye hakuchagua usukani. Adapta za kutoka Japani zilizotengenezwa kwa magari yenye eabegi huja na rizista yake, mfumo uone ukinzani unaoutarajia na uendelee kuhudumia waliobaki. Kung'oa balbu ya taa, kama fundi aliyeufunga alivyompendekezea awali, ni kumziba mdomo mlinzi na kuliacha geti wazi.

Mimi nilimwambia wazi: gari la kila siku, linaloendeshwa na watu wawili, ningelirudishia usukani wake na kupeleka kwa mshona ngozi auongezee unene. Hisia nyingi za "usukani wa michezo" zinatoka kwenye unene wa kushika na ngozi nzuri, si kwenye kipenyo. Alisikiliza. Akauliza, kwa adabu, kama naweza kumsaidia pia na mpango wa pili.

Mpango wa pili

Tukachagua 350, kina cha 40, mduara kamili. Hesabu ya uzito: 370 kwa 350 ni chini kidogo ya asilimia sita, ambayo kwenye pawa stelingi nzima mtu huizoea baada ya siku mbili. Hesabu ya umbali: kina kimepungua milimita 50 kutoka 90, kwa hiyo ule umbali wa kijiti cha indiketa unashuka kutoka 120 hadi 70, yaani usukani umemsogelea kwa milimita 15 kulinganisha na wa kiwandani. Hicho ndicho alichokihitaji tangu mwanzo kwa mapaja yake marefu. Kidole kinafika kwenye indiketa kwa kujinyoosha kidogo. Adapta tuliyoagiza ilikuwa na urefu uleule wa ya zamani, nilihakikisha, kwa sababu ingekuwa ndefu zaidi hesabu yote ingekuwa imeharibika. Watu hupima usukani wakasahau adapta.

Ya 360 ndiyo niliyoipenda mimi. Yeye akasema 350 ina aina nyingi sokoni, na hapo alikuwa sahihi. Tukakubaliana kwamba mistari miwili ya juu ya saa, kule kwenye 90, ni mistari ambayo hana sababu ya kuiona mara kwa mara kati ya Mbezi na Posta.

Alitaka uliokatwa chini, wa umbo la D. Nikamzungushia usukani mpaka mwisho wa kulia na kurudi mwisho wa kushoto, ahesabu mizunguko. Kwenye magari ya mashindano ambapo mikono haiachii, umbo la D halina shida. Kwenye gari unalolizungusha mara kadhaa ili upaki, kuna siku mkono utatafuta duara ukakuta bapa. Kuhusu swedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo, sikubishana sana. Nilimwambia tu ashike usukani wa 320 uliokuwa na swedi ya wiki nne. Joto la Dar na jasho la viganja vilikuwa vimeshaing'arisha kama kiwiko cha koti la mwalimu. Tukachukua ngozi yenye matundu.

Kufunga tulimwachia fundi umeme mzee anayejua mambo ya eabegi, mimi nikishika tochi. Alichomoa betri, akasubiri. Akauweka usukani katikati, matairi yamenyooka, akatia alama ya rangi kwenye meno ya nguzo, kwa sababu ukikosea jino moja usukani utakaa upande maisha yake yote. Ndani, nyuma ya usukani, kuna utepe wa umeme uliojiviringisha kama springi ya saa, ndio unaopeleka umeme kwenye honi huku usukani ukizunguka. Fundi wa kwanza aliuacha ukazunguka ovyo, ukajikaza upande mmoja. Ndiyo maana honi ililia kwa kushoto tu. Tuliuwahi kabla haujakatika. Na indiketa isiyojizima ilikuwa ni pini mbili za adapta ambazo hazikuingia kwenye nafasi zake. Pini mbili, wiki nne za madereva wengine kumpigia honi.

Kuna ujanja mmoja wa mzee yule ambao nauandika kwa sababu umewaokoa watu meno: wakati wa kuuvuta usukani wa zamani, nati ya katikati huilegeza lakini haitoi yote. Usukani ukibanduka ghafla unagonga nati badala ya uso wako. Kisha nati hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha kitabu cha gari, si kwa kadirio la bega.

Baada ya wiki sita

Mshale unaonekana. Amepita Mlandizi mara tatu kwa 48, na anadai tochi ilimtazama kila mara. Mabega yametulia. Taa ya eabegi inawaka funguo ikiwashwa na kuzima baada ya sekunde chache, kama inavyotakiwa. Boliti sita tulizikagua baada ya wiki ya kwanza. Moja ilikubali robo ya kukaza, nyingine hazikusogea. Amewaandikia watu wa bima kuwajulisha mabadiliko, jambo ambalo hakupenda, na mimi nilimsimamia mpaka akabonyeza kutuma.

Usukani wa 320 alitaka kuuza. Nilimkatalia, matundu yale yangeenda kwenye gari la mtu mwingine. Tumeukata kwa msumeno. Ule wa kiwandani, na eabegi yake ikiwa imetazama juu, upo kwenye rafu ya stoo yangu, mahali pakavu, mbali na joto na watoto. Dada yake ameanza tena kuliazima gari, lakini kila akija kunisalimu huuliza kama ule usukani bado upo. Nimemwambia upo, na spana ninayo.